Harufu ya limau isiyo na limau: wana Kilosa na Mikumi tusiingizwe mjini na mchaichai

 

Leo naomba tuongee kuhusu harufu. Najua wapo watakaosema huyu kijana kaishiwa habari, maisha yamepanda yeye anatuletea mambo ya marashi. Subirini kidogo. Huku kwetu kuna maneno yanapita, kuanzia Kilosa mjini mpaka Mikumi, kwamba zao la kututoa kimaisha ni mchaichai. Ati unalima, unakamua mafuta, Mzungu ananunua kwa ajili ya pafyumu, unajenga. Kuna watu wameshaanza kupiga hesabu ya kung'oa mahindi. Kwa hiyo kabla jembe halijashuka, tuangalie hiyo harufu inatoka wapi, nani anaitengeneza na nani anainunua.

Tuanze dukani. Chukua sabuni yoyote ya limau pale stendi ya Mikumi, igeuze, soma yale maandishi madogo ya mgongoni. Mara nyingi utakuta neno Citral. Mimi nitaliandika sitrali ili tuelewane. Hiyo ndiyo harufu yenyewe ya limau. Picha ya mbele ni limau limekatwa na tone la maji linang'aa, lakini mara nyingi limau lenyewe halijawahi kukanyaga kiwanda hicho.

Waliosoma kemia mpaka form four mnakumbuka habari za alkoholi. Ukiiondolea alkoholi hidrojeni kidogo unapata aldehaidi. Sitrali ni aldehaidi. Ina sura mbili zinazofanana kama mapacha, wanakemia wanaziita geraniali na nerali, na zikiwa pamoja ndiyo pua yako inasema "limau". Cha kushangaza ni kwamba mafuta ya ganda la limau yana sitrali asilimia chache tu, ila mafuta ya mchaichai yana kama asilimia 65 hadi 85. Yaani kwenye harufu ya limau, mchaichai ni limau kuliko limau lenyewe. Kwa hiyo wanaosema mchaichai una mali ndani yake hawajadanganya. Shida inaanza wanapofika kwenye soko.

Zamani dunia ilikuwa inapata sitrali kutoka kwenye majani kweli. Kerala, kusini mwa India, walikuwa wanakamua mafuta ya mchaichai na kuyasafirisha kwa mapipa. Mwaka 1893 wanakemia wawili wa Kijerumani, Ferdinand Tiemann na Paul Krüger, walichukua sitrali wakaichanganya na asetoni, wakaendelea kuichezea mpaka wakapata ayononi, yaani harufu ya maua ya urujuani. Biashara ya marashi ikabadilika, maana ua lile lilikuwa ghali mno kukamua. Baadaye ikajulikana kwamba ayononi hiyohiyo ni hatua ya njiani kuelekea kutengeneza vitamini A. Hapo sitrali ikatoka kwenye chupa za marashi ikaingia mpaka kwenye dawa na chakula.

Sasa viwanda vikubwa vikitaka mzigo mkubwa hivyo vitasubiri mvua ya Kerala? Haiwezekani. Wakatafuta njia ya mafuta ya petroli. Leo kampuni ya Kijerumani BASF inatengeneza sitrali kwa kuanzia na gesi inayoitwa isobutini pamoja na fomaldehaidi, ile ile ambayo ikichanganywa na maji ndiyo fomalini ya kuhifadhia maiti. Mwaka 2004 walifungua kiwanda mjini Ludwigshafen, kando ya mto Rhine, chenye uwezo wa tani 40,000 kwa mwaka. Baadaye wakishirikiana na Petronas ya Malaysia wakajenga kingine Kuantan. Japani na China nako wapo wanaotengeneza.

Hebu tupige hesabu ya darasa la saba. Tuseme tunataka kuzalisha hizo tani 40,000 za kiwanda kimoja kwa mchaichai. Kwa mafuta yenye sitrali asilimia 75, tunahitaji tani 53,000 hivi za mafuta. Majani mabichi hutoa mafuta kidogo sana, kwa kawaida kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ya uzito. Chukua 0.3. Inakuja zaidi ya tani milioni 17 za majani mabichi kila mwaka. Kwa lori la tani 10 hizo ni safari milioni 1 na laki 7 na ushee. Ukishaona hesabu hiyo unaelewa kwa nini mwenye kiwanda cha sabuni hababaishwi na bustani yako. Yeye anataka mzigo uleule, harufu ileile, tarehe ileile, mwezi hadi mwezi.

Kuna mdau atasema: mbona viwanda hivyo vinaungua? Swali zuri. Tarehe 31 Oktoba 2017 kiwanda cha sitrali cha Ludwigshafen kiliwaka moto. BASF wakawatangazia wateja kwamba hawawezi kutimiza mikataba. Bei ya vitamini A duniani ikapanda mara kadhaa, watengenezaji wa vyakula vya mifugo wakahaha. Na tarehe 29 Julai 2024 ukatokea mlipuko na moto mwingine hapohapo Ludwigshafen, wakasimamisha tena mauzo ya baadhi ya vitamini A, vitamini E na viungo vya marashi.

Hapa naomba mama zangu mnisikilize. Yale matone ya vitamini A anayopewa mtoto zahanati kila baada ya miezi sita, kidonge cha bluu kwa mwenye miezi 6 hadi 11 na chekundu kuanzia mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5, ni vitamini inayotengenezwa viwandani. Mafuta ya kupikia ya kiwandani ambayo kwa kanuni za nchi yetu huongezewa vitamini A, nayo hivyohivyo. Chakula cha kuku wa kisasa pia. Na moja ya njia kubwa za kutengeneza vitamini hiyo inapitia kwenye sitrali. Kwa hiyo mfugaji wa kuku wa Kimamba na mama wa Ulaya kijijini wana uhusiano na moto wa Ujerumani, hata kama hakuna aliyewaambia. Dunia imeweka mayai mengi kwenye vikapu vichache mno. Hilo ni tatizo la kweli, na viongozi wetu wa afya na mifugo wanapaswa kulijua.

Lakini je, moto ule ulikuwa fursa kwa mkulima wa Mikumi? Tuseme siku ya pili baada ya moto wa 2017 ungepanda mchaichai. Unahitaji miezi 4 hadi 6 kabla ya kukata mara ya kwanza. Kabla mwaka 2018 haujafika katikati, sitrali ilikuwa inatoka tena kiwandani. Wewe ndiyo kwanza unatafuta pipa la kukamulia. Bei ya moto ni ya mwenye stoo iliyojaa siku ya moto. Anayeanza kulima siku hiyo anachelewa.

Sasa wana Kilosa, hii hadithi si mara ya kwanza tunaisikia. Wilaya yetu ilijengwa na mkonge. Kimamba, Rudewa, mashamba makubwa, reli, makambi ya manamba waliotoka kila kona ya nchi. Mkonge wenyewe ulikuja mwaka huohuo wa 1893, enzi za Mjerumani, Dr. Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo Tanganyika ikawa ya kwanza duniani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha kama tani 230,000.

Halafu ikaja kamba ya plastiki. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wananunua kamba ya mkonge kufungia majani ya mifugo wakahamia kwenye kamba ya polipropilini, nayo ni zao la petroli. Siyo plastiki peke yake iliyotuua, tuseme ukweli. Baada ya Azimio la Arusha 1967 mashamba mengi yalitaifishwa na uendeshaji wake wazee wetu wanaujua. Lakini bei iliposhuka ndipo kila udhaifu ulipoonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa tani 20,000 na kitu. Kilosa tukabaki na magofu, na mashamba pori ambayo watu wamegombea kwa miaka mingi na serikali imefuta hati za baadhi yake kwa nyakati tofauti.

Nimeutaja mkonge kwa sababu moja. Sisi tunajua kwa vitendo maana ya mmea wako kushindana na kiwanda cha petroli. Jani la mkonge lilikuwa imara, halikuwa na kasoro yoyote, na bado liliangushwa. Sasa mtu anakuja kukuuzia jani lingine ambalo kiwanda kilishalipita miaka mingi iliyopita, anasema ni zao jipya. Mwana Kilosa kweli akubali bila kuuliza?

Kuna kikao kimoja nilihudhuria Mikumi. Simtaji mtu wala kikundi. Jamaa alikuwa na kompyuta na picha za chupa ndogo nzuri nzuri. Alitueleza faida, akaonyesha bei ya chupa moja ya mililita 10 huko Ulaya, akazidisha kwa ekari. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono nikauliza mnunuzi ni nani. Akanijibu, "Soko lipo, wewe lima kwanza." Halafu akaanza kuorodhesha wanaotaka miche.

Jamani, miche ya mchaichai? Mchaichai haupandwi kwa mbegu za dukani. Unang'oa shina, unalipasua, kila kipande chenye mizizi kinakuwa mche. Nyumba ngapi hapa Mikumi zina mchaichai nyuma ya jiko? Ungeenda kwa jirani na sukari robo ungepewa wa kujaza toroli. Tena ipo aina zaidi ya moja: huu wetu wa chai, na ule wa India unaolimwa kwa mafuta, na upo mwingine unaofanana nao ambao mafuta yake ndiyo yale ya kufukuzia mbu na aldehaidi yake kubwa ni sitronelali, siyo sitrali. Anayekuuzia mche bila kukuambia ni upi, anauza majani.

Na bei ya chupa ya mililita 10 si bei ya mkulima. Ndani yake kuna chupa yenyewe, kuna cheti, kuna maabara, kuna usafiri, kuna duka la London linalolipa pango. Wewe ungeuza kwa kilo, na tani nzima ya majani uliyokata, ukabeba na kuchemsha, inakupa kilo 3 hivi za mafuta.

Halafu kuna kuni. Kukamua ni kupitisha mvuke kwenye majani, halafu kuupoza mvuke urudi kuwa maji na mafuta. Mvuke unataka moto masaa mengi, na kuupoza kunataka maji ya kutosha. Kilosa tunajua bei ya msitu. Ni humuhumu wilayani, vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu, ambapo kijiji kinapanga eneo la kuvuna kwa zamu na ushuru unabaki kijijini. Kama mchaichai utakuja kuchemshwa na kuni za kuiba msituni, tutauza harufu tubaki na ukame.

Basi nifunge mlango kabisa? Hapana. Mimi si mpinga maendeleo. Mafuta ya mchaichai ya asili yana soko lake duniani, ila ni dogo na lina masharti. Wapo wanunuzi wanaotaka neno "asilia" kwenye lebo na wako tayari kulilipia. Pua haiwezi kutofautisha sitrali ya jani na sitrali ya petroli, ni kitu kimoja. Kinacholipiwa pale ni karatasi: jani limetoka shamba gani, limekatwa lini, limekamuliwa wapi, maabara imesema sitrali ni asilimia ngapi. Mkulima wa sitrali asilia anauza ushahidi. Asiye na ushahidi anauza mafuta yanayonukia, na anashindana bei na Ludwigshafen.

Mfano wa karibu upo Pemba. Kiwanda cha Makonyo pale Wawi, Chake Chake, cha shirika la ZSTC, kinakamua mafuta ya makonyo ya karafuu na kimekuwa kikikamua mchaichai pia. Angalieni mpangilio wake. Kiwanda kipo, mashine zinafanya kazi kwa sababu ya karafuu ambayo tayari ni zao kubwa, mnunuzi wa majani anajulikana. Mchaichai umedandia gari linalotembea. Huku kwetu tunaambiwa tupande abiria kwanza, gari litatafutwa.

Na Mikumi tuna kitu ambacho wengi hawana. Hifadhi ipo tangu 1964, barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakata katikati yake kama kilomita 50, na wageni wanalala hapa. Mgeni aliyemwona tembo asubuhi, jioni ananawa mikono hotelini kwa sabuni ya limau iliyotoka ng'ambo. Hapo ndipo naona nafasi. Kikundi kidogo, pipa moja la chuma kisichoshika kutu, mafuta kidogo, sabuni ya kipande yenye jina la Mikumi, wauziwe wenye hoteli na abiria. Hutashindana na mtu wa tani 40,000. Unauza mahali, na mahali hapatengenezwi kwa petroli. Hata majani makavu ya chai yaliyokaushwa kivulini na kufungashwa vizuri hayahitaji kuni hata moja.

Hata hapo kuna sheria zake. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, na mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO kupata utambulisho. Na tusidanganyane kwamba cha asili hakina madhara. Chai ya mchaichai kunywa bila wasiwasi, lakini mafuta yaliyokamuliwa ni makali, yakipakwa hivihivi yanawasha ngozi, na wapo watu ambao sitrali inawaletea mzio. Ndiyo maana Ulaya waliiweka sitrali kwenye orodha ya viungo 26 vya harufu vinavyolazimika kutajwa kwenye lebo vikizidi kiwango, kwa sheria ya 2003. Mwaka 2023 wakaongeza orodha ikapita 80, na bidhaa mpya zimepewa mwisho wa tarehe 31 Julai 2026. Sheria haiulizi sitrali yako imetoka kwenye jani au kwenye gesi. Ikiwemo, itajwe.

Kwa hiyo akija mtu kijijini kwako na ndoto ya mchaichai, usimfukuze. Mpe kiti, mpe maji, halafu muulize haya:

1. Mnunuzi ni nani, na mkataba wa maandishi uko wapi, wenye bei kwa kilo ya majani au ya mafuta?

2. Mtambo wa kukamulia utakuwa wapi? Kutoka Kilosa mjini mpaka Mikumi ni kilomita sabini na kitu. Majani ni mzigo mkubwa wenye mali kidogo, hayasafiri mbali yakalipa.

3. Utachemsha kwa kuni za wapi, na nani anaotesha miti ya kuzirudisha?

4. Maabara gani itapima sitrali, na ikipungua asilimia 70 nani anabeba hasara?

5. Mafuta yatahifadhiwa wapi? Sitrali haipendi mwanga, joto wala hewa. Kwenye dumu la njano juani itageuka harufu ya kitu kingine kabisa.

6. Kwa nini unaniuzia mche ambao jirani yangu ananipa bure?

Akijibu yote, mkaribishe, tulime hata mimi nitaomba robo ekari. Akikwama kwenye la kwanza, mengine hayana haja.

Kwa viongozi wetu wa halmashauri nasema hivi: msiishie kwenye kukata utepe wa mashamba darasa. Mtafuteni mnunuzi kwanza, wataalamu wa SUA wako Morogoro hapo si mbali, wapeni kazi ya kupima mafuta ya mchaichai wetu tujue una nini. Na wenzetu wa wizara, angalieni tunategemea nani kwa vitamini A ya watoto na ya kuku, maana moto wa tatu ukitokea tutaanza kuulizana maswali ambayo tungeyauliza leo.

Babu zetu walikata mkonge bila kujua kamba inakwenda kufunga nini wala nani anapanga bei. Sisi tuna simu mkononi, tunaweza kuuliza. Tuulize kwanza, kisha ndipo tupande.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kujua zaidi, hasa wadau wa Pemba na wazee waliofanya kazi kwenye mkonge Kimamba, karibuni mtuelimishe hapo chini.